Nyumba Iliyooshwa Mara Saba

Mama yangu alikuwa na kiapo kimoja alichokirudia mpaka tukachoka kukisikia: hatafia katika nyumba ya mtu. Alikianza mwaka ule baba alipofariki, jamaa zake wa Kutulo waliposhuka Garissa kuja kumchukua, wakidai mjane hakai peke yake karibu na mto. Aliwapa chai, akawachinjia mbuzi, kisha akawaonyesha mlango. Nyumba hii, aliwaambia, alijengewa na mumewe, na humo ndimo litakamotokea jeneza lake. Hakuna aliyebishana naye tena. Mama yangu akishashika neno, afadhali ubishane na ngamia.

Kisha mto ukaja. Sisi tuliozaliwa kwenye bula, mitaa yetu ya chini, karibu na mto Tana, tunamjua jirani yetu huyo, na kila msimu wa mvua kubwa tunamtupia jicho. Safari hii hakupiga hodi. Tulimtoa mama kwa mkokoteni, maji yakimfika punda tumboni, yeye amekaa juu ya godoro amenuna, ameshika kibuyu chake cha maziwa mapajani, hataki kumtazama mtu. Nilimpeleka mtaa wa Iftin, kwa habaryar yangu, dada yake mdogo, ambako ardhi imeinuka na maji hayafiki.

"Usizoee," alimwambia dada yake alipoingia, kabla hata ya salamu. "Sitafia hapa."

"Nani amekuambia ufe?" habaryar alimjibu. "Kaa unywe chai."

Maji yalipopungua, mimi na habaryar tulishuka kuitazama nyumba. Tope lilikuwa limepanda kuta zote za nje hadi chini ya madirisha, limekauka na kupasuka, na uani kulinuka vyoo vya mtaa mzima. Lango lilikataa kufunguka mpaka nilipolichimba kwa mikono. Veranda yetu iko juu ya ngazi, na hapo ndipo mama alipokuwa akilala nyakati za joto, kwenye kitanda chake cha kamba. Juu ya kitanda hicho alikuwa amelala mbwa. Alikuwa jike, mbavu zote nje, na ubavuni mwake vitoto vinanyonya. Alitutazama, akakunja mdomo akaonyesha meno, lakini hakuinuka.

Habaryar alipiga ukelele uliosikika ng'ambo ya mto. Nieleze kwa asiyetujua: sisi ni Washafii, na kwa Washafii mbwa akigusa kitu kwa unyevu, kitu hicho huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Watoto wetu hulijua hilo kabla ya kujua hesabu za kutoa. Mbwa kulowa, kuzaa na kulala kwenye kitanda cha mwanamke ambaye hakuwahi kukosa sala, hilo halikuwa jambo dogo. Na habaryar ni mtu asiyeweza kuficha hata bei ya vitunguu. Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshampigia mama simu, sauti kaiweka ya nje.

Nilisubiri kishindo. Mama alimsikiliza dada yake mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Watoto wake wamefungua macho?"

"Bado," nikasema.

"Basi msimfukuze. Amejifungua, atawapeleka wapi? Mpelekeeni maji na chakula. Akihama mwenyewe ndipo muoshe." Akavuta pumzi. "Na mtaosha nyumba yote, ndani na nje. Mara saba."

Huyo ndiye mama yangu. Nimekutana na watu wenye huruma na watu wenye msimamo, lakini vitu hivyo viwili kukaa katika kifua kimoja bila kupigana, sijaviona kwa mwingine. Basi mimi binti yake, mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi, mtu anayesahihisha insha za wenzake, nikawa kila nikitoka shule natembea bulani na mfuko wa mifupa kumpelekea mbwa. Majirani waliokuwa wakichota tope kwenye nyumba zao walinicheka waziwazi. Mmoja aliniuliza kama mbwa naye nimempangisha, alipe mwezi kwa mwezi. Nilimjibu maneno mabaya, sitayaandika hapa.

Siku zile za kusubiri ndizo zilizotuonyesha kitu ambacho hatukuwa tumekiona. Kule Iftin mama alianza kupotea. Alitoka chumbani kwenda chooni akaishia jikoni. Alimwita habaryar kwa jina la mama yao. Alitia chumvi kwenye chai, akaonja, akatia tena. Macho yake yalikuwa yamefifia miaka kadhaa, hilo tulilijua, na husahau mbili tatu kama wazee wote. Lakini nyumbani kwake haikuonekana. Nyumbani kwake mkono wake ulikuwa unajua wenyewe pa kwenda, na sisi tukadhani ni akili.

Nilianza kuogopa, nikataka arudi kwake upesi. Nilikwenda kwa sheikh wa msikiti wetu kuuliza kama kweli lazima nyumba nzima ioshwe. Akasema hapana, paoshwe palipoguswa na mbwa akiwa na unyevu, penye tope la kawaida pasafishwe kawaida, dini si mzigo. Nilirudi mbio na habari hiyo njema.

"Sheikh alikuwepo?" mama aliuliza.

"Alikuwepo wapi?"

"Mbwa alipokuwa akitembea. Alimwona aligusa wapi na hakugusa wapi?"

Nikaenda kuweka chai motoni. Ungekwenda na wewe.

Mbwa alihama mwenyewe, kama alivyosema mama. Nilifika nikakuta kitanda kitupu na nyayo kwenye tope zikielekea vichakani. Tulikichoma kile kitanda, kisha nikaenda kumtafuta mtu wa mashine ya presha. Kuna Mkamba mmoja anayeosha magari kando ya barabara, na baada ya mafuriko alikuwa na kazi kuliko daktari, kila mwenye nyumba ya mawe anamtaka aje atoe tope. Alikuja na mashine yake ya petroli juu ya mkokoteni, mipira ya maji imezungushwa begani. Maji ilibidi tuagize boza, lori la tangi. Mto uliotuingilia mpaka vyumbani ulikuwa umevunja pia mabomba ya mji, kwa hiyo tukawa tunanunua maji ili tuoshe maji. Nilicheka peke yangu nilipokuwa nalisubiri lile boza, kicheko cha hasira.

Alipoiwasha mashine, kuku wa bula nzima walikimbia. Lazima nikiri ilikuwa raha kuitazama. Maji yalitoka kwenye ule mrija wanaouita bunduki, membamba na makali, na popote alipopitisha tope liliachia ukuta na kuanguka vipande vipande. Chini yake nyumba yetu ikaanza kutokea, rangi ya samawati ya chini, chokaa juu, kama nilivyoijua tangu utotoni. Aliosha kuta zote, za ndani na za nje, veranda, ngazi, sakafu ya uani mpaka lango. Alipomaliza alizima mashine, akajifuta uso, akasimama kusubiri sifa.

"Vizuri sana," nikamwambia. "Sasa zimebaki mara sita."

"Mara sita za nini, mwalimu?"

Nikamweleza. Alisikiliza kwa adabu mpaka nilipofika kwenye udongo.

"Ngoja kwanza," akasema. "Matope nimetoa. Sasa unataka nirudishe matope, halafu nitoe tena?"

"Udongo safi. Kidogo, unachanganywa na maji."

"Mwalimu, hii ukuta saa hii ni safi kuliko sahani ya kwangu."

Wakati huo tuktuk ikasimama langoni. Mama alikuwa amekataa kubaki Iftin wakati nyumba yake inaoshwa. Habaryar alimshusha, akamwekea kiti cha plastiki nje ya lango, kwa sababu mama aliapa hatatia mguu ndani mpaka ya saba ikamilike. Kutoka pale hakuweza kuona kitu zaidi ya mwanga na kivuli. Alisimamia kazi kwa masikio. Mama alizungumza nasi Kisomali maisha yake yote. Kiswahili alikiweka kwa ajili ya wageni, wenye maduka na watu wa serikali, na alikitumia kama mtu anayerusha mawe, kila p ikitoka b na kila v ikitoka f.

"Waryaa! Wewe!" akapaza sauti. "Umeosha kule juu? Bale juu!"

"Nimeosha, mama!"

"Osha tena! Fizuri! Mbwa alibanda!"

"Mbwa alipanda ukuta, mama?"

"Wewe ulikuwa haba?"

Yule bwana akanitazama, akatikisa kichwa, akaivuta kamba ya mashine. Nilijua hapo kwamba amepata bosi.

Ilichukua siku kadhaa, kwa sababu maji yaliisha katikati na boza likachelewa. Kila siku mama aliletwa na tuktuk, akakaa pale langoni na tasbihi, na kila mzunguko ulipoisha aliutaja kwa sauti. Wa udongo tuliufanya mimi na habaryar kwa mikono, tumefunga leso viunoni, tunapaka ukuta tope jembamba, watu wa bula wamejaa kututazama. Mama alicheka siku hiyo. Alisema hata akiwa msichana kule Kutulo, kwenye nyumba za mikeka, hakuwahi kufikiria atapakiwa nyumba udongo na mwalimu. Nilifurahi kumsikia. Nilidhani tunashinda.

Lakini kuanzia mzunguko wa tatu hivi niliona kwamba kinachotoka ukutani si tope tena. Rangi ya samawati ilikuwa inakwenda na maji. Halafu ikaondoka chokaa. Ukuta wa nje wa jikoni ulikuwa mweusi, na una madoa meusi zaidi kwa chini, kwa sababu hapo ndipo mama alipokuwa akifukiza vibuyu vya maziwa. Huingiza kijiti chenye moto kibuyuni, akakisugua ndani mpaka kibuyu kikanukia moshi, kisha akakizima kijiti kwa kukigonga ukutani. Miaka yote ya ndoa yake ilikuwa imegongwa pale. Yule bwana aliupitisha mpira juu chini, juu chini, na maji meusi yakateremka hadi mtaroni.

Kwenye veranda kulikuwa na doa la mafuta, la kimo cha mtu aliyekaa, mahali baba alipokuwa akiegemeza kichwa baada ya sala ya alasiri. Likatoka. Kona ya ua, ambayo mbuzi walikuwa wamejisugua mpaka ikawa laini na inang'aa, ikarudi kuwa na mikwaruzo ya simenti. Na ule mstari ambao sikuwahi kuutilia maanani, wa kimo cha kiuno, unaotoka mlango wa chumba cha mama ukafuata ukuta hadi jikoni, kutoka jikoni hadi chooni, uliotokana na kiganja chake, huo nao ukaenda.

Nilimwendea mama langoni. "Hooyo, ukuta wa jikoni umekuwa mweupe."

"Alhamdulillahi."

"Hooyo, mahali alipoegemea aabo pametoka. Tumwambie aache? Sheikh amesema..."

"Ya ngapi hii?"

"Ya tano."

"Basi zimebaki mbili," akasema, akaendelea na tasbihi yake. Mtu ambaye amesubiri mbwa alee watoto wake hakuwa anakwenda kusamehe mizunguko miwili.

Ya saba ilipoisha jua lilikuwa kali na kuta zilikauka upesi. Sijawahi kuona nyumba safi namna ile katika bula yetu. Ilisimama katikati ya nyumba za tope ikiumiza macho. Yule bwana wa mashine alikunja mipira yake, akaja kumuaga mama, naye akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwombea dua ndefu kwa Kisomali, yeye akiitikia amina kila alipodhani imefika.

Kisha nikamshika mama mkono, tukaingia. Alisema bismillahi, akatanguliza mguu wa kulia. Alipofika penye ukuta aliunyoosha mkono, akaugusa, akauondoa. Akaugusa tena mbele kidogo. Nilimwona anapapasa, juu, chini, taratibu, kama anayetafuta swichi. Halafu akavua viatu pale chini ya ngazi, mahali ambapo wageni huvua. Yeye mwenyewe siku zote huvulia mlangoni mwa chumba chake.

"Nyumba nzuri," akasema. "Safi sana."

"Saba kamili, hooyo," nikamwambia. "Kama ulivyotaka."

Akanigeuzia uso. Akatabasamu tabasamu ambalo nililijua, kwa sababu nimemwona akilitoa kwa wake za maafisa na kwa wauguzi.

"Mama yako iko?" akaniuliza kwa Kiswahili.

Nilidhani ananitania. Mama alipenda utani wa kukaza uso. Nikamjibu kwa Kisomali kwamba mama yangu yuko, ni mbishi, anapenda kusumbua watu wa mashine. Hakucheka. Alikaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, magoti pamoja, mikono juu ya magoti, namna wanavyokaa watu ambao hawana nia ya kukawia, akasubiri. Habaryar alilia akaenda kujificha jikoni. Mimi nilibaki nimesimama pale sakafuni nina tope la wiki nzima kwenye kucha, sijui niweke wapi mwili wangu.

Nimejaribu kuelewa kwa nini Kiswahili. Nadhani nyumba safi kiasi kile, nyeupe, isiyo na harufu ya moshi wala ya mbuzi, kwa mama ilikuwa ni ya serikali, na mwanamke aliyemo ndani ni mke wa afisa kutoka huko juu. Kwa hiyo alinizungumzia lugha yao. Mimi ninayeifundisha lugha hii, ninayeipenda, ninayelisha watoto wangu kwayo, sikuwahi kuichukia kama nilivyoichukia jioni ile.

Alipomaliza chai tuliyompa alishukuru, akainuka, akachukua mtandio wake. "Sasa nirudishe nyumbani," akasema.

Habaryar akamwuliza kwa upole kama anataka Kutulo. Akamkunjia uso. Kutulo kufanya nini, yaliyobaki kule ni makaburi. Anataka nyumbani kwake, kule chini, karibu na mto. Tukamwambia ndipo hapa. Akatutazama kwa zamu, mimi na dada yake, kwa huruma kabisa, kama watu wawili walioingiwa na wazimu na haifai kuwabishia.

Wiki zilizofuata nilifanya mambo ambayo sijawahi kumwambia mtu. Nilinunua kijiti cha mti ule ule, nikawasha, nikafukiza kibuyu vibaya, nikakigonga kijiti ukutani mara nyingi. Nilikopa mbuzi wawili kwa jirani nikawafunga kwenye kona, wakakataa kujisugua. Nilipaka mafuta ya nazi kiganja changu, nikatembea kutoka chumba cha mama hadi jikoni, kutoka jikoni hadi chooni, nikirudi na kwenda, mpaka habaryar akaja akaniondoa mkono ukutani, akanikalisha chini. Mama alikuwa akinitazama kutoka kitini. Alisema, kwa Kiswahili, kwamba mimi ni mchapakazi sana, na Mungu atanibariki.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, hivyo ndivyo ninavyowafundisha watoto darasani. Mama hakungoja kupewa. Kila asubuhi aliomba ufagio, akafagia kile alichoweza kukifikia, akauliza kama kuna vyombo. Nilimnyang'anya ufagio mara moja kwa hasira, nikamwambia wewe si mgeni hapa, kaa. Akaogopa. Tangu hapo nilimwachia afagie.

Yule bwana wa mashine alipita siku moja kumjulia hali. Nilimfungulia lango nikitaka kumwonya, lakini mama alishaisikia sauti yake, akainuka mzima mzima, uso umefunguka. Yeye alimkumbuka. Watoto wake aliwasahau, dada yake akamfanya jirani, lakini huyu aliyemfokea langoni alimkumbuka vizuri.

"Waryaa! Wewe ndio unaosha nyumba yangu!"

"Ni mimi, mama."

"Umemaliza?"

Yule bwana alinitazama mimi, kisha akamtazama mama, ambaye alikuwa amesimama mbele ya ukuta ule ule ambao yeye bwana aliung'arisha kwa mikono yake.

"Bado kidogo, mama," akasema. "Tunangoja boza ya maji."

"Haraka basi. Mimi nimekaa kwa watu siku nyingi. Ni aibu."

"Haraka, mama. Nitaharakisha."

Nilimsindikiza mpaka barabarani. Alianza kuja karibu kila Ijumaa baada ya hapo, kumpa mama taarifa ya kazi. Aliniambia yeye mwenyewe hana mama. Mara maji hayajafika, mara mashine imeharibika nozo, ule mdomo wake wa maji, mara mzunguko wa nne umeanza. Mama alimkaripia, akamhimiza, akamwombea. Nusu saa aliyokaa naye ndiyo ilikuwa nusu saa yake ya furaha, nami nilipika chai nikakaa jikoni nikiwasikiliza wakizungumzia nyumba iliyokuwa bado inaoshwa.

Hakuugua sana. Mwili uliacha tu kutaka chakula, akalala, daktari akasema ni umri na moyo, tumtunze nyumbani. Nilikaa naye mchana ule wa mwisho alipokuwa na nguvu ya kuzungumza. Alikuwa na jambo linalomsumbua, nililiona. Mwishowe akanishika kidole kimoja, si mkono mzima, mgeni hamshiki mwenyeji wake mkono mzima.

"Mama ya nyumba," akasema. "Nisamehe."

"Nikusamehe nini?"

"Mimi nilisema sitakufa kwa nyumba ya mtu. Sasa nitakufa haba kwako. Utabata taabu ya watu, ya kuosha, ya jeneza. Sio fizuri. Nisamehe."

Nilimjibu kwa Kisomali, nikiwa nimeinama karibu na sikio lake. Nilimwambia hooyo, uko kwako. Nyumba hii ni yako. Nikarudia, na nilipoona haiingii, nikaisema kwa Kiswahili, kile changu chote safi cha darasani: nyumba hii ni yako, mama.

Akacheka kidogo, kwa adabu, kama anavyocheka kila mgeni anapoambiwa hivyo, akaupapasa mkono wangu, akanishukuru.